Nyumba Nne Zilizonyamaza

Mukantabana alikuwa mtu wa kusalimu. Kila asubuhi alitoka kwenye kijumba chake mwisho wa kibanja cha Protase, shamba lake la migomba, jembe begani, akapanda na njia inayokata migomba, na kabla hujamwona ulikwishamsikia. Alimwita kila mtu kwa jina la mwanawe wa kwanza, akamwuliza alivyoamka, watoto walivyoamka, mgonjwa wa nyumba alivyoamka, na alisimama palepale mpaka ajibiwe. Kinyambo chake, lugha ya wenyeji wa Karagwe, kilibaki na lafudhi ya Kinyarwanda hata baada ya miaka zaidi ya ishirini pale Ihembe, na Kiswahili chake alikiokota minadani, lakini kwa salamu hakuna aliyemshinda. Waliompenda walisema ana adabu. Wasiompenda walisema mgeni hana budi kusalimu sana.

Yeye na mumewe Leonidas waliingia Karagwe katika miaka ya sitini, wakikimbia kwao Rwanda. Protase, mfanyabiashara kutoka Muleba aliyenunua shamba Ihembe, aliwapa kipande cha kujenga pembeni, nao wakamlimia. Hapakuandikwa kitu, walipeana mikono, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, yakaisha. Leonidas alikuja kufa kwa kifua kikuu. Binti yao pekee, Mukakalisa, akaolewa Nkwenda na kijana aitwaye Celestin. Mukantabana akabaki na jembe lake na mbuzi wawili.

Alibaki pia na Kokuhirwa, mke wa Protase. Hao wawili hawakuwa wa kabila moja wala wa hali moja, lakini jioni ungewakuta jikoni kwa Kokuhirwa wamekaa chini, wanamenya ndizi, wanatafuna kahawa kutoka kikapu kimoja. Huko mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, chache kiganjani, na ukimpa mtu buni umemwambia kwamba nyumba hii ni yake. Mukantabana ndiye aliyemzalisha Kokuhirwa mtoto wake wa kwanza, Adventina. Ndiye pia aliyekuwapo alipojifungua wa mwisho, wa kiume, Novemba ile ya vita, mwaka 1978. Huyo hakulia. Walimzika nyuma ya nyumba, na aliyeosha maiti ni Mukantabana.

Mwaka 1987, kiangazi kilipoanza, akaja Placidius. Alikuwa mtoto wa kaka yake Protase, amezaliwa Muleba, anasoma chuo kikuu. Alivaa miwani na viatu vya turubai, na alikuwa mpole sana. Aliwasaidia hata wanawake kubeba ndoo. Alisema amekuja kufanya utafiti juu ya mawasiliano: jinsi wenyeji wa Karagwe na watu waliotoka nje wanavyozungumza, wanavyosalimiana, wanavyogombana na kupatana. Mwalimu wake alimtuma atazame na kuulizauliza, basi. Kwa majuma kadhaa alitazama na kuuliza, akaona anapata majibu yaleyale. Kila mtu alimwambia, "Sisi tunaishi vizuri tu."

Hapo akapata wazo lake mwenyewe. Alilitoa mezani baada ya kula, Protase akichokonoa meno, Kokuhirwa akiondoa vyombo.

"Baba mdogo, salamu ni mlango," alisema. "Mlango ukiwa wazi huwezi kujua una nguvu gani. Nataka tuufunge kidogo tuone. Yule mama wa Kinyarwanda, anayesalimu kila mtu. Nyumba chache zikiacha kumwitikia, kwa majuma mawili hivi, bila kumwambia sababu, atafanya nini? Atagonga? Atakasirika? Atakwenda kwa Wanyarwanda wenzake? Hakuna aliyewahi kuandika jambo hilo."

Kokuhirwa alisimama na sahani mkononi.

"Nimnyime salamu Mama Mukakalisa? Amenikosea nini?"

"Hajakukosea, mama mdogo. Angekuwa amekukosea isingekuwa utafiti."

"Siwezi."

Protase alitema kijiti. "Mtoto wa kaka yangu amefika chuo kikuu, wewe uliyeishia darasa la nne unambishia? Amekuomba ng'ombe? Amekuomba unyamaze. Kunyamaza kunakugharimu nini?"

"Na baadaye nitamwambia nini?"

"Utamwambia ukweli," alisema Placidius kwa upole. "Nitakuja mimi mwenyewe nimweleze. Mtacheka wote."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Polikarpi, balozi wa nyumba kumi. Alipoelezwa, alidhani ni kazi ya serikali, akakubali akiwa amesimama wima. Mkewe Xaveria alikubali kwa sababu alipenda jambo lolote lenye siri. Nyumba mbili nyingine zilifuata kwa sababu balozi amekubali. Zikawa nyumba nne, zote kwenye ile njia ya Mukantabana ya asubuhi.

Siku ya kwanza Mukantabana alifika mbele ya jiko la Kokuhirwa, akaita kama kawaida. Kokuhirwa alikuwa anachochea moto. Aliinamisha kichwa, akapuliza makaa. Mukantabana akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, akacheka, akasema moshi umemziba rafiki yake masikio, akaenda zake shambani. Kokuhirwa alibaki ameinama mpaka machozi yakamtoka, akajiambia ni moshi.

Jioni Mukantabana alirudi, akaketi mahali pake, akanyoosha mkono kuchukua ndizi amenye. Kokuhirwa akasogeza sufuria upande wa pili. Kikapu cha buni kilikuwa juu ya kinu. Hakikushushwa. Mukantabana akauliza, "Unaumwa, Mama Adventina?" Alipoona hajibiwi, aliinuka taratibu, akaaga, akaondoka.

"Umefanya vizuri sana," Placidius, aliyekuwa ameona yote kutoka mlangoni, alimwambia Kokuhirwa.

Usiku huo Kokuhirwa hakula. Lakini siku zilivyokwenda aliona jambo lililomshtua: kunyamaza kunazoeleka. Siku ya kwanza ilikuwa kama kumeza mfupa. Baadaye ilikuwa kazi tu, kama kuteka maji. Na ilifika asubuhi moja ambapo alimwona Mukantabana anakuja, uso umejaa wasiwasi, macho yanamwomba, naye akahisi ndani yake kitu kama utamu. Maisha yake yote yeye ndiye aliyesubiri neno la mtu: la baba yake, la Protase, la mama mkwe. Sasa mtu anasubiri neno lake yeye. Alijiogopa, lakini hakunena.

Xaveria hakuwa na shida hiyo. Alijifungia ndani na mumewe wakacheka mpaka wakashikana. Mukantabana alipopita alitoka nje makusudi, akasimama kizingitini akimtazama machoni bila kufungua kinywa.

Mukantabana kwanza alisalimu kwa sauti zaidi. Kisha akasalimu mapema zaidi, labda watu hawapendi kusimamishwa wakienda shamba. Kisha akaacha Kinyambo, labda anakikosea siku hizi kwa uzee, akaanza kusalimu kwa Kiswahili. Na siku moja alifika mbele ya Xaveria, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake, akaweka jembe chini, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mtu mzima kumwamkia mtu wa umri wa mwanawe. Xaveria mwenyewe alishtuka, akataka kusema marahaba kwa mazoea ya ulimi, akajiziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia ndani. Placidius, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, alisimama katikati ya njia. Jioni alimwambia Protase kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, na kwamba mwalimu wake hataamini.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Pale kigangoni watu waliambiwa wapeane amani. Mukantabana aligeuka kulia, mke wa nyumba ya tatu akawa anamfunga mtoto kitenge. Akageuka kushoto, Polikarpi akawa anatazama msalaba. Akageuka nyuma. Kokuhirwa alikuwa nyuma yake, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika benchi. Watu wa nyumba nyingine, ambao hawakujua habari ya utafiti wowote, waliliona hilo. Wakaona kwamba balozi hampi mkono, Kokuhirwa rafiki yake hampi mkono. Wakajiuliza mwanamke huyu amefanya nini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, kila mmoja akaona heri ajitenge naye kwanza. Kuanzia siku hiyo nyumba zilizonyamaza hazikuwa nne tena, na hakuna aliyeweza kuzihesabu.

Mukantabana akaenda kwa balozi. Alimkuta Polikarpi amekaa uani anakunywa rubisi kwa mrija.

"Balozi, kama kuna amri imetoka ya kutufukuza sisi tuliotoka Rwanda, niambie. Sitakulaumu, najua umetumwa. Niambie tu nianze kufunga mizigo."

Polikarpi alitazama paa la nyumba yake.

"Kama ni mbuzi wangu wameingia shamba la mtu, niambie nilipe."

Polikarpi alivuta rubisi. Baadaye alimsimulia mkewe kwamba tangu awe balozi hajawahi kuona mtu anamwogopa hivyo, na kwamba ni jambo la ajabu, usiposema kitu unaonekana mkubwa.

Mukantabana alirudi nyumbani akaanza kujikagua. Alilala akijiuliza, akalima akijiuliza. Hakuna binadamu aliyeishi miaka hamsini na kitu akajikagua akakuta hana kosa. Alizikuta dhambi nyingi ndogo. Nyuma ya hizo zote akakuta moja kubwa, aliyokuwa ameifukia zamani.

Alhamisi mchana alikwenda kwa Kokuhirwa. Alichukua kibuyu cha rubisi na jogoo wake. Kokuhirwa alikuwa jikoni anamenya ndizi. Protase na Placidius walikuwa sebuleni, mlango wa katikati uko wazi, na Placidius alimfanyia baba yake mdogo ishara ya kutulia.

Mukantabana aliweka jogoo chini, amefungwa miguu, akapiga magoti.

"Sijui kosa langu, Mama Adventina, lakini naomba radhi kwa yote. Kama ni jembe lile nililolirudisha na ufa, lilivunjikia kwangu, nikanyamaza. Nisamehe."

Kisu cha Kokuhirwa kiliendelea kumenya.

"Kama ni maneno ya Adventina. Ni kweli nilimwambia Xaveria kwamba naona kama ana mimba, kabla wewe hujajua. Mdomo uliniponyoka. Nisamehe."

Ganda likaangukia juu ya ganda. Kokuhirwa aliuma mdomo. Ilibaki siku mbili tu, Placidius alikwishamwambia, Jumamosi itakwisha. Alijiambia kwamba Jumamosi atamshika huyu mwanamke mikono yote miwili na kumpa kikapu kizima cha buni.

Mukantabana alitazama maganda. Kisha akasema polepole, kwa sauti iliyobadilika:

"Au ni mtoto?"

Kisu kilisimama.

Kama kisingesimama, huenda angeishia hapo. Lakini kilisimama, naye akaona amefika penyewe, kwamba hilo ndilo walilolijua, kwamba kuna mtu amewaambia.

"Basi umelijua," alisema. "Nani amekwambia? Mukakalisa? Alikuwa mdogo, lakini labda anakumbuka. Kweli ya Mungu, sikukusudia. Siku ile uchungu ulipokushika, Mukakalisa wangu alikuwa amelala nyumbani na homa, anaweweseka. Zahanati imefungwa, wanaume wamechukuliwa mgambo, mumeo yuko Bukoba. Nilikutazama nikaona bado. Nikasema nikimbie mara moja nimnyweshe dawa ya majani nirudi. Nilipofika akanishika nguo, hakutaka niondoke. Nikakaa. Nikakaa sana. Niliporudi kichwa kilikuwa kimetoka na kitovu kimemzunguka shingoni. Bado alikuwa na joto, Mama Adventina. Nilikata, nikampulizia, hakurudi. Nikakwambia alikuwa amekufa tumboni tangu jana yake, kwa sababu nilikuona wewe mwenyewe unakaribia kufa."

Jogoo alipigapiga mabawa sakafuni. Sebuleni hakuna aliyesogea.

"Ulisema unakwenda kuteka maji," alisema Kokuhirwa.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu yote yaanze. Mukantabana aliposikia sauti ile, kwanza alifurahi. Aliinua uso wake na uso wake ukafunguka kabisa, kama mtu aliyeitwa kwa jina baada ya kupotea porini. Alinyoosha mkono. Ndipo akaona macho ya mwenzake.

"Nilikuita," alisema Kokuhirwa. "Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilidhani kisima ni mbali."

"Nisamehe."

"Wako akapona."

"Nisamehe, Mama Adventina."

"Akapona, akakua, na mwaka jana nilimfunga mimi kitambaa cha bibi harusi. Mimi." Kokuhirwa alisimama. Kisu kilikuwa bado mkononi, akakitazama kama hajui kilifikaje, akakiweka juu ya kinu. "Toka nyumbani kwangu."

Mukantabana alitoka. Jogoo alimwacha palepale.

Placidius aliingia jikoni akiwa amekunja uso kwa wasiwasi wa kweli. "Mama mdogo, pole sana. Sikutegemea." Alisimama kidogo. "Lakini umeelewa kilichotokea? Kimya kimemfanya ajishitaki mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza kitu."

Kokuhirwa hakumwitikia.

Jumamosi Placidius alitimiza ahadi yake. Alikwenda mwisho wa kibanja na kilo ya sukari na doti ya kanga, akakaribishwa kigoda, akaeleza. Alieleza kwa Kiswahili cha chuoni, Mukantabana akamwomba arudie. Akarudia polepole, kwa maneno madogo: kwamba hakukuwa na hasira, wala amri, wala kosa; ulikuwa utafiti; watu waliombwa kunyamaza wakakubali kwa ajili ya elimu.

"Kwa hiyo Mama Adventina hakunikasirikia?"

"Hata kidogo."

"Hata siku ile ya kanisani?"

"Hata siku ile. Alikuwa akiumia, nilimwona."

"Na nilipopiga magoti pale jikoni?"

Placidius alisita. "Ulipopiga magoti, hapana. Baadaye ndiyo."

Mukantabana alizitazama zile kanga, bado zimeshikana, hazijakatwa. "Mlipanga muache lini?"

"Leo."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo, mama."

"Nami nilikwenda Alhamisi."

Akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega yanatikisika, amejifunika uso kwa kiganja, na Placidius naye, asijue la kufanya, akatabasamu. Kisha akaona machozi yanapita kati ya vidole. Akaaga. Njiani alitembea haraka, na moyoni alijiambia kwamba angalau amekuwa mkweli, watafiti wengine wasingerudi kueleza.

Habari haikukaa. Protase alikuwa amesikia kila neno. Mtoto yule hakuwahi kumlilia. Alirudi kutoka Bukoba baada ya maziko akauliza kwanza habari za duka. Lakini sasa alipita nyumba hadi nyumba akisema mwanamke aliyekula kwake ndiye aliyemwulia mrithi wake. Wale ambao walikuwa wakijiuliza Mukantabana amefanya nini sasa walipata jibu, na jibu hilo liliwapendeza, kwa sababu lilionyesha kwamba hawakumtenga bure. Xaveria aliongeza kwamba wakunga wa huko walikotoka wanajua mambo. Hakusema mambo gani.

Polikarpi akaitisha kikao uani kwake. Watu walikaa kwenye magogo na majani ya migomba. Protase alisimama akasema anataka ardhi yake. Aliitaka siku nyingi, apande kahawa, hilo hakulisema. Alisema hawezi kuamka kila siku akamwona muuaji wa mwanawe.

Mukantabana aliulizwa kama ni kweli.

"Ni kweli nilikwenda kwa mtoto wangu," alisema. Kisha akageuka, akamtafuta Placidius aliyekuwa amekaa pembeni, magoti pamoja. "Wewe msomi. Waambie ulichonifanyia. Waambie kwamba hawa walininyamazia kwa kutumwa, nami nikasema kwa hofu. Miaka yote nimekaa nao, hakuna aliyenichukia mpaka ulipokuja."

Wote wakamtazama Placidius. Polikarpi naye akamtazama, na kidogo akaonekana kama anaomba asisemwe.

Placidius alisafisha miwani yake. Alikuwa amepauka.

"Mama, mimi nilitazama tu," alisema. "Na aliyosema aliyasema mwenyewe. Mtafiti haruhusiwi kuingilia maamuzi ya jamii."

Kokuhirwa alikuwapo. Alikaa na wanawake, kitenge kimevutwa kichwani. Polikarpi alimwuliza kama mwenye msiba ana neno. Watu waligeuka wote wakamngoja yeye. Neno lake moja lingetosha. Hata Protase angeona haya kuendelea mbele za watu. Alifungua kinywa. Akaona kichwa cha mtoto, akaona Mukakalisa aliyevaa gauni jeupe, akaona mikono ya Mukantabana ikiosha mwili mdogo kwa maji ya vuguvugu, kwa upole ule. Hakujua aanzie wapi. Akafunga kinywa, wakalihesabu hilo kuwa jibu.

Mukantabana aliambiwa aondoke kabla ya mvua za vuli. Hakungoja. Celestin, mkwe wake, alikuja na baiskeli na binamu wawili, wakafunga vyungu, mkeka, jembe. Mbuzi waliongozwa kwa kamba. Zile kanga na sukari aliziacha juu ya kizingiti, na Xaveria akaja kuzichukua mchana. Kutoka Ihembe mpaka Nkwenda ni mwendo mrefu kwa mwanamke wa umri ule, na walipopita kwenye nyumba za njiani watu walikuwa wamesimama milangoni. Safari hii hakusalimu. Mke wa nyumba ya tatu alisema, "Mnaona kiburi chake?"

Protase alibomoa kijumba akapanda miche ya kahawa.

Huko Nkwenda, Mukantabana alifua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na stendi, akilala kwa binti yake. Mukakalisa aliambiwa sababu ya kuhama, na alipoambiwa kwamba ilianza na homa yake ya utotoni, alilia, akamwuliza mama yake kwa nini hakumwacha afe. Mama yake alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. Kokuhirwa alikwenda mnada wa Nkwenda mara moja tu mwaka ule, kununua chumvi na sabuni. Alimwona kwa mbali, nyuma ya ile nyumba ya wageni, amenyanyua shuka lililolowa, anahangaika kulitupa juu ya kamba peke yake. Alisimama kati ya wauza maharage mpaka mmoja akamwuliza ananunua au anamzibia wateja. Shuka lilipokaa kwenye kamba lilimficha Mukantabana, na Kokuhirwa akaenda zake. Akiwa nyumbani alimchukia kwa ajili ya mtoto. Lakini jioni ya kumenya ndizi ilipofika alimkosa, na akajichukia kwa kumkosa, na maganda yakarundikana mbele yake bila mtu wa kusema naye.

Kiangazi kilichofuata Placidius alirudi. Alikuwa amepata alama nzuri sana, mwalimu wake amemsifu mbele ya wenzake, na sasa alitaka kuendeleza ile kazi iwe kubwa zaidi. Alileta redio kaseti ya kurekodia, na zawadi kwa kila mtu. Alipoambiwa Mukantabana alikwishahamia Nkwenda alisikitika, akasema angependa kumfuata huko kumhoji. Protase alimwambia asijisumbue.

"Basi nianze na mama mdogo," alisema.

Kokuhirwa aliketishwa sebuleni kwenye kiti cha mbao, mikono ingali na utomvu wa ndizi. Placidius akaweka mashine mezani, akabonyeza, akamwuliza kwa upole wake uleule alijisikiaje, siku ile, alipojua.

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Si Protase, si padri, si mtu yeyote tangu 1978. Kokuhirwa alitazama ile mashine kwa muda, kisha akaanza kusema. Alisema alivyoita. Alisema alivyosikia mizinga kwa mbali akadhani ni mwili wake unaopasuka. Alisema alivyomgusa mtoto akamwona ana joto, akamwambia Mukantabana ana joto huyu, naye akamwambia ni joto lako wewe. Alisema alivyoamini, na alivyolala na kuamini huko miaka tisa, na kwamba hakuomba kuamshwa. Alisema jina alilotaka kumpa yule mtoto, ambalo hata Protase hakulijua. Alipomaliza uso ulikuwa umelowa mpaka shingoni.

Placidius aliinama juu ya mashine. Akabonyeza, akarudisha nyuma, akasikiliza. Kulikuwa na mvumo tu.

"Samahani sana, mama mdogo," alisema. "Kaseti ilikuwa imekwama, haikushika. Naomba urudie. Anzia pale ulipobaki peke yako."

Kokuhirwa alimtazama mumewe.

"Msimulie tena mtoto," alisema Protase. "Amekuja mbali."

Akafuta mikono kwa kitenge, akarudia.